Saa ya Kwanza, Siku Tatu, Miezi Sita: Kuanza Kunyonyesha kwa Namna Itakayomfaa Mtoto Hadi Ukubwani

Siku ya kwanza titi la mzazi hutoa maziwa kidogo sana. Kila mtoto anaponyonya hupata kati ya mililita 2 na 10, yaani nusu kijiko cha chai hadi vijiko viwili. Hapo ndipo unyonyeshaji wa wengi unapoharibikia. Bibi anachungulia, anaona tone la njano linalonata, anasema, "Mwanangu, huna maziwa, mtoto atalala na njaa." Jua halijazama mtoto ameshapewa maji ya glukosi kwa kijiko. Tumbo linajaa, usingizi unamchukua, titi halinyonywi kwa saa tano, na mwili wa mama unapata ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki.

Tone lile la njano ndilo dang'a. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, na mtoto aliyetimia miezi huzaliwa na akiba ya mafuta na sukari mwilini ya kumvusha siku hizo mbili tatu. Ni zito kwa sababu limebeba kingamwili, chembe nyeupe za damu na vitamini A kwa wingi kuliko maziwa yatakayofuata. Tafadhali lisikamuliwe likamwagwa eti ni uchafu.

Yanayodumu, na yanayotiwa chumvi

Mengi husemwa kuhusu faida za kunyonya, na si yote yana uzito sawa. Mzazi ana haki ya kujua lipi limethibitika.

Lililo imara kuliko yote ni uhai wenyewe. Utafiti uliofanyika Ghana, India na Tanzania, ukachapishwa 2016, ulifuatilia karibu watoto laki moja. Ulipolinganisha na walionyonya ndani ya saa ya kwanza, waliochelewa kati ya saa 2 na 23 walikuwa na hatari ya kufa ndani ya mwezi wa kwanza iliyozidi kwa asilimia 41, na waliochelewa kupita siku nzima iliyozidi kwa asilimia 79. Kuhara, nimonia na maambukizi ya masikio pia hupungua waziwazi kwa anayenyonya. Hayo si mambo ya utotoni tu. Mtoto anayeharisha mara kwa mara kabla ya miaka miwili hudumaa, na udumavu huo haufutiki kirahisi akikua.

Kuhusu akili, faida ipo lakini ni ya kiasi. Katika mji wa Pelotas, Brazil, watu karibu 3,500 waliozaliwa 1982 walipimwa tena wakiwa na miaka 30. Walionyonya mwaka mmoja au zaidi walizidi kwa wastani wa alama 3.76 katika kipimo cha akili kuliko walionyonya chini ya mwezi. Pelotas ina uzito wake kwa sababu miaka ile kunyonyesha hakukuwa kwa matajiri peke yao wala kwa maskini peke yao, hivyo si rahisi kusema kilichopimwa ni pesa za wazazi. Belarus nako, mwaka 1996 na 1997, hospitali 31 na watoto zaidi ya 17,000 waliingizwa kwenye utafiti ambao nusu ya hospitali zilifundishwa kusaidia akina mama kunyonyesha. Watoto wa hospitali hizo waliharisha na kupata ukurutu kwa nadra zaidi mwaka wa kwanza, na walipofika miaka sita na nusu walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya lugha. Lakini kwa unene na shinikizo la damu hawakutofautiana na wenzao.

Kwa hiyo anayekuahidi kwamba mtoto aliyenyonya hatanenepa wala hatapata pumu anakuzidishia. Tafiti za kufuatilia watu zinaonyesha unene uliopitiliza na kisukari cha aina ya pili hupungua kidogo kwa walionyonya, ila mambo mengi mengine huingia hapo katikati. Meno ni habari nyingine. Kunyonya titi hukuza taya, na watoto walionyonya hupata meno yaliyopangana vibaya kwa nadra zaidi, pungufu ya takriban theluthi mbili. Mama naye ana fungu lake: kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, kwa hesabu iliyokusanywa kutoka nchi 30.

Kinachounganisha siku za mwanzo na afya ya baadaye ni utumbo kwa sehemu kubwa. Maziwa ya mama yana sukari za pekee ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Zimewekwa humo kwa ajili ya bakteria wema, hasa wale waitwao bifidobakteria, ambao huzila, hutengeneza asidi, na kuwanyima nafasi wadudu wa kuhara. Kinga ya mtoto hujifunza kutofautisha rafiki na adui ikiishi na bakteria hao. Maji yasiyo salama au uji wa mapema huingiza wageni wengine kabla ngome haijajengwa.

Kabla ya uchungu

Hapa kazi ni ndogo. Usisugue chuchu kwa taulo wala sabuni ili "zikomae", maana utaondoa mafuta yanayozilinda. Ukienda kliniki mwambie mkunga kwamba unataka mtoto awekwe kifuani mara tu akitoka. Mwambie pia atakayekusindikiza leba, awe mumeo, mama mkwe au dada, kwamba asije na chupa wala kopo la maziwa. Mazungumzo hayo yafanyike nyumbani, mapema, kwa heshima. Kubishana na mama mkwe saa nane usiku wodini, ukiwa na mshono, ni vigumu sana.

Saa ya kwanza

Mtoto akishatoka na kulia, akaushwe, avikwe kofia, alazwe uchi juu ya kifua kitupu cha mama, tumbo kwa tumbo, kichwa kikiwa kati ya matiti, kimegeuzwa upande ili pua na mdomo vibaki wazi. Kanga moja kavu iwafunike wote wawili. Kupima uzito na kuogesha vinaweza kusubiri.

Kisha msimharakishe. Dakika za kwanza atatulia. Baadaye ataanza kulamba midomo, kupeleka mkono mdomoni, kusukuma kwa miguu na kujikokota kuelekea kwenye titi. Wengi hushika wenyewe kati ya dakika 20 na 60. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mtu kukishika kichwa cha mtoto kwa nyuma na kukisukuma titini. Mtoto huyo hukakamaa, hulia, na safari nyingine hulikataa titi. Mshike mabegani na shingoni, kichwa kiwe huru kuinama nyuma.

Aliyejifungua kwa upasuaji kwa sindano ya mgongoni anaweza kunyonyesha mara tu anapoweza kumpokea mtoto, hata mshono ukiendelea kufungwa, iwapo kuna mtu wa kumshikilia. Baadaye mkao wa kwapani, miguu ya mtoto ikielekea nyuma ya mama, huepusha uzito juu ya kidonda. Kulala ubavu pia kunafaa. Maziwa ya mama wa upasuaji huweza kuchelewa siku moja zaidi, na dawa ya hilo ni kunyonyesha mara nyingi zaidi.

Akina mama wa Pwani ambao familia zao hufanya tahniki, yaani desturi ya Kiislamu ya kumwonjesha mtoto mchanga tende: mtoto anyonye kwanza. Anayemwekea tende anawe mikono kwa sabuni, apake utomvu kidogo tu kwenye kaakaa, pasiwe na kipande. Asali isitumike hata tone. Chini ya mwaka mmoja utumbo hauwezi kuzuia mbegu za bakteria wa botulizimu zinazoweza kuwa ndani ya asali, na ugonjwa huo hulegeza misuli hadi ya kupumulia.

Kushika titi

Kama ungekuwa na nafasi ya kujifunza jambo moja tu, lingekuwa hili. Chuchu zilizochanika, titi lililojaa likauma, mtoto asiyeongezeka na "sina maziwa" nyingi huanzia mdomoni.

Kaa umeegemea, miguu ikiwa imekanyaga chini. Mlete mtoto kwenye titi, wewe usiinamie. Sikio, bega na nyonga yake vikae mstari mmoja, kwa sababu mtoto aliyepinda shingo hawezi kumeza, kama wewe usivyoweza kunywa maji ukiangalia begani. Pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu na usubiri. Atafungua kidogo, bado. Akifungua kinywa kama anayepiga miayo, msogeze haraka, kidevu kitangulie kugusa titi, chuchu ikielekea kwenye kaakaa.

Sasa tazama. Kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umekunjuka nje, na duara jeusi linaloizunguka chuchu linaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mashavu yamejaa, hayabonyei. Mwanzo ananyonya harakaharaka, kisha polepole kwa kina, na baada ya maziwa kushuka utamsikia akimeza. Ukisikia mlio wa "tk, tk", anapoteza mshiko. Maumivu ya sekunde chache mwanzoni siku za kwanza ni ya kawaida. Yakiendelea baada ya hapo, ameshika chuchu peke yake. Usivumilie. Ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, uvunje mvuto, umtoe, uanze upya, hata mara tano. Baada ya kunyonya itazame chuchu: ikitoka imebonyea kama ncha ya lipstiki mpya, mshiko haukuwa sahihi.

Mficha uchi hazai. Mwoneshe muuguzi mtoto akiwa titini kabla hujaruhusiwa kutoka hospitali. Usikubali jibu la "ananyonya vizuri" kutoka kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Siku tatu hadi tano

Baada ya kondo la nyuma kutoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia maziwa hushuka, na kati ya siku ya pili na ya nne matiti hujaa. Hilo hutokea kwa kila mzazi karibu bila kujali kitu. Kuanzia hapo kanuni hubadilika: titi linalomwagwa hutengeneza, titi linaloachwa limejaa hujizuia. Ndiyo maana mtori, supu ya pweza na uji wa pilipili manga humfaa mama kwa kumtia nguvu na maji mwilini, lakini havifanyi kazi ya mdomo wa mtoto.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwa kuwa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Usingoje kilio, kulia ni dalili ya mwisho ya njaa. Titi la kwanza liishe, ndipo umpe la pili. Mtoto anayelala sana siku za mwanzo aamshwe kila saa 3: mvue nguo, mweke kifuani, msugue nyayo.

Akishindwa kabisa kunyonya, au amezaliwa njiti, kamua. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea mbavuni, kisha minya vidole vikutane, achia. Rudia kwa mdundo, ukizunguka titi zima. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi, utajichubua. Dang'a hutoka kwa matone, hivyo yakinge kwa kijiko kilichochemshwa na umpe hapohapo. Fanya hivyo mara 8 kwa siku, ukianza ndani ya saa chache za kujifungua.

Utajuaje anashiba? Hesabu nepi. Siku ya kwanza mkojo mara moja au zaidi, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu; kuanzia siku ya tano au sita, mara 6 au zaidi, mkojo mweupe usio na harufu kali. Kinyesi huanza cheusi kinachonata kama lami, siku ya tatu au ya nne hugeuka kijani, na ya tano kinakuwa cha njano chenye punje. Kinyesi cheusi siku ya tano ni onyo kwamba maziwa hayafiki. Manjano ya macho na ngozi pia huzidi kwa asiyenyonya vya kutosha, kwa kuwa rangi ile hutolewa na choo.

Uzito hupungua kwanza. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3.2 akishuka hadi 3.0 hajadhurika. Akifika 2.88, yaani asilimia 10, aonwe siku hiyohiyo. Ifikapo siku ya 14 anapaswa awe amerudia uzito wa kuzaliwa.

Yakiharibika

Titi limejaa, gumu kama jiwe, ngozi inang'aa: mtoto hawezi kulishika kwa sababu limekuwa kama mpira. Bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu kwa dakika moja, kamua kidogo hadi eneo hilo lilainike, kisha mweke. Baada ya kunyonya weka kitambaa chenye maji baridi. Usikamue hadi tone la mwisho, maana utaliagiza titi litengeneze zaidi.

Sehemu moja imekuwa nyekundu na ya moto, na una homa na kutetemeka: titi limevimba ndani. Endelea kunyonyesha upande huohuo. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto. Usipopata nafuu ndani ya saa 24 nenda kituo cha afya upate dawa, kwani likiachwa huwa jipu.

Chuchu zimechanika: rekebisha mshiko, pakaa tone la maziwa yako, ziache zikauke kwa hewa.

Maziwa hayajaja kabisa hadi siku ya tano, na unatokwa damu nyingi: huenda kipande cha kondo kimebaki, au ulipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Hapo supu haisaidii, nenda hospitali. Wapo pia akina mama wachache ambao hata wakisaidiwa vyema maziwa hayatoshi. Mtoto wa mama huyo apewe nyongeza atakayoelekezwa na mhudumu wa afya, kwa kikombe, huku akiendelea kunyonya kilichopo. Kila tone lina kazi yake, na mama huyo hana kosa.

Mtoto apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi akigoma kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, akipata degedege, joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, au viganja na nyayo zikiwa za njano.

Hadi miezi sita

Maziwa ya mama pekee, pamoja na dawa au chanjo alizoandikiwa. Maji hayahitajiki hata Dar es Salaam mwezi wa Februari, kwa kuwa maziwa yenyewe ni maji kwa karibu asilimia 88. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji ya mwarobaini, dawa ya mchango na uji mwepesi wa mwezi wa tatu huchukua nafasi ya maziwa tumboni na kupunguza unyonyaji. Mtoto anayelia jioni kila siku akiwa na wiki tatu au sita mara nyingi anakua, hana njaa ya uji. Siku mbili tatu za kunyonya mfululizo huongeza maziwa.

Maziwa hayachachi ndani ya titi. Mama aliyeshinda shambani juani hana haja ya kukamua na kumwaga kabla ya kunyonyesha. Na kuhusu kubemenda: tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa. Kinachowadhoofisha watoto ni mimba inayofuata haraka na kuachishwa ghafla bila chakula cha kutosha. Zungumza na mkunga kuhusu uzazi wa mpango unaofaa anayenyonyesha.

Mama mwenye VVU anayemeza ARV kila siku anyonyeshe vilevile: maziwa pekee miezi sita, kisha aendelee pamoja na chakula angalau hadi mwaka, na mtoto apewe dawa ya kinga kama alivyopangiwa. Hatari huongezeka pale ARV zinaporukwa, na pale mtoto anapochanganyiwa maziwa na vyakula vingine kabla ya miezi sita.

Ukirudi kazini

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kenya likizo ni miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Omba kwa barua, kabla hujarudi.

Anza kukamua wiki mbili kabla. Tumia chombo chenye mfuniko, kilichooshwa na kuchemshwa, ukiandika saa juu yake. Nje ya friji kwenye chumba cha nyuzi 25 maziwa hukaa saa 4. Mombasa au Dar chumba huwa na joto zaidi ya hapo, basi yatumike mapema. Kwenye friji hukaa hadi siku 4, yakiwekwa ndani kabisa, si mlangoni. Mafuta yatajitenga juu, tikisa taratibu. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi. Usiyachemshe, moto huua kingamwili.

Mfundishe dada wa kazi au bibi kutumia kikombe kidogo badala ya chupa. Mtoto akae wima mapajani, mikono ikiwa imefungwa kwa kanga. Ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, uinamishwe hadi maziwa yaguse tu midomo. Asimiminiwe. Atatoa ulimi, atalamba na kuvuta mwenyewe, atapumzika, atarudi. Akifunga mdomo na kugeuza uso, ameshiba, na kilichobaki kikombeni kisipite saa mbili.